Jinsi Ngoma ya Didia Ilivyogeuka Kushoto

Ninyi vijana wa vikundi vya ngoma mnaonijia siku hizi na kuuliza, "Mzee, siri ni nini?", kwanza mniombe radhi. Mimi si mzee. Sijafika hata hamsini. Kilichozeeka ni goti langu la kulia, na lenyewe lilizeeka mapema kwa kuwa nililitumia vibaya mbele za watu. Pili, siri sina. Nina makosa tu, na ninayo mengi kuliko wenzangu kwa sababu nilitembea zaidi yao. Nimecheza na kufundisha bugobogobo Didia nilikozaliwa, Kagongwa, Ushirombo, hadi kule Geita kwenye dhahabu. Kila nilipofika nilikaa mpaka kosa langu lijulikane, kisha nikahama.

Kwa wale waliokulia mjini, bugobogobo ni ngoma yetu Wasukuma ya kulimia. Watu hupanga mstari shambani, ngoma zinapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na mchezaji hodari hulirusha jembe lake hewani likazunguka, akalidaka bila kukosa pigo. Ikichezwa uwanjani mbele ya wageni, ni madoido. Ikichezwa shambani, ni kazi. Likumbukeni hilo la shambani, maana ndiko nilikofedheheka.

Lakini tuanze na jembe, kwa kuwa ninyi huanza na sare. Nimewaona. Mnakuja mmeshashonewa vitenge vinavyofanana, njuga zinalia miguuni, filimbi ziko shingoni, halafu majembe mmeazima kwa jirani asubuhi ile ile. Jembe la ngoma halikopwi. Mpini wake uwe wa mti mwepesi ulioushika wewe mwenyewe mpaka ukang'aa. Makali yake yasuguliwe kwenye jiwe mpaka yawe butu kama kisigino. Na siku moja kabla ya kucheza, kichwa cha mpini ukiloweke kwenye ndoo ya maji, mti uvimbe na ulibane chuma.

Mimi hilo la kuloweka niliambiwa, nikaona ni mambo ya washamba. Ilikuwa Kagongwa, kwenye harusi. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, na kulikuwa na msichana aliyesimama upande wa kulia ambaye nilitaka ajue kuwa nipo. Nikarusha jembe juu kuliko wote. Mpini ukarudi mkononi kwangu vizuri kabisa. Chuma hakikurudi. Kilipita juu ya vichwa vya wazee, kikapita juu ya turubai la maharusi, kikatua ndani ya sufuria kubwa ya wali. Mama aliyekuwa akipika alitazama ndani ya sufuria, akanitazama mimi na mpini wangu, akauliza kwa upole:

"Baba, unatafuta dhahabu humu?"

Yule msichana alijua kuwa nipo. Mimi nikapanda lori la kwanza lililoelekea magharibi.

Miguu yangu ilikuwa hivyo. Haikutulia. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, na siku zile mtu wa kidato cha nne alisikilizwa hata pale ambapo hakustahili kusikilizwa. Ningeweza kupata kazi ya ukarani nikakaa kitini. Badala yake nilikuwa nafika mahali, nasikia ngoma ng'ambo ya bonde, nasahau kilichonileta. Ndivyo nilivyofika kijiji kile kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Geita mjini. Nilisikia ngoma kubwa ikipigwa, nikaijua sauti yake. Nilikuwa nimekua nikiisikia. Ilikuwa ngoma ya kwetu Didia.

Hapa lazima nieleze, maana habari yote inasimama juu ya ngoma hiyo.

Mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa bado mtoto, familia kadhaa za Didia zilihamia huko kutafuta ardhi mpya ya pamba. Wengine walifuata dhahabu, ingawa mbele ya watu wote walisema ni pamba. Kiongozi wao alikuwa Mzee Luhende, aliyekuwa kiongozi wa ngoma nyumbani pia. Walipokuwa wanapakia vyombo, mdogo wake, Mzee Maganga, ambaye alibaki Didia na akarithi uongozi wa kikundi, alimpa kaka yake ile ngoma kubwa. Tuliiita Mama Mkwe. Haikaliwi, hairukwi, haiegemewi, na ikinguruma kila mtu anakaa sawasawa.

Maganga aliitoa kwa masharti. Alisema mbele ya watu: "Kaka, nakupa Mama Mkwe ili wajukuu wako watakaozaliwa ugenini wacheze kama sisi. Nitakuja kuwaangalia. Nikikuta wanacheza, ngoma ni yenu. Nikikuta hawachezi, au wanacheza mambo yasiyoeleweka, nitaichukua."

Na Maganga hakuwa mtu wa kutania kuhusu ngoma. Alitania kuhusu mengine yote.

Miaka kumi na miwili ilipita. Kule walikohamia wenyeji ni Wazinza, watu wakarimu, na watoto wa Didia walicheza nao, wakaoana nao, wakajifunza kugombana kwa Kizinza na kusali kwa Kiswahili. Kisukuma chao kilibaki cha jikoni. Ngoma nayo ilikuwa inapigwa siku za sikukuu, wazee wakirukaruka kidogo, vijana wakiangalia kama mnavyoangalia ninyi picha za zamani, kwa heshima na miayo.

Nilimkuta Mzee Luhende amekaa kwenye kiti cha miguu mitatu karibu na Mama Mkwe, anaipasha moto ngozi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na kivuli, basi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa Didia."

"Umejuaje?"

"Umesimama mbali na ngoma. Watu wa hapa huiegemea." Akacheka. "Unaweza kucheza?"

Nikamwambia naweza. Sikumtajia ule wali wa Kagongwa.

Hapo hapo akanifundisha jambo la kwanza, na ninyi mlichukue. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu hukohoa badala ya kulia. Ipashe kwa moto wa nyasi, si wa magogo. Moto wa magogo una hasira, utaipasua. Iweke mbali kiasi cha mkono wako kuvumilia ukihesabu hadi ishirini. Pigapiga kwa kidole huku ukisikiliza. Itakapokujibu, ondoa. Mzee Luhende alifanya hayo yote bila kuona, na sijawahi kusikia ngoma iliyopashwa vizuri kuliko ile.

Jambo la pili aliniambia siku aliponikabidhi vijana kumi na sita, wavulana na wasichana, niwafundishe kabla mdogo wake hajaja. Alinishika mkono akasema:

"Kitu kimoja tu, mwalimu. Ukifundisha, wape mgongo."

"Niwape mgongo?"

"Wape mgongo. Waone kisogo chako."

Nikaitikia, lakini moyoni nikasema: huyu mzee hajasoma. Mimi nilikaa darasani miaka kumi na moja, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyenipa mgongo isipokuwa alipokuwa akiandika ubaoni. Mwalimu huwatazama wanafunzi wake. Anaona nani anasinzia, nani anacheka, nani amekosea. Isitoshe, niliona ni utovu wa adabu kumgeuzia mtu makalio na kusema unamfundisha.

Basi nikasimama mbele yao, uso kwa uso, kama mtu mwenye elimu.

Nilikuwa na daftari. Nilichora mishale, nikaandika hatua namba moja, hatua namba mbili, mpaka thelathini na nne. Vijana wakanipa jina la Mwalimu Daftari. Na kwa kuwa kusema "kulia" na "kushoto" kulileta mabishano, kulia kwako au kulia kwangu, nikabuni njia ambayo nilijivunia sana. Uwanja wetu ulikuwa na barabara upande mmoja na mashine ya kusaga upande mwingine. Nikawa nasema: "Rusha upande wa barabara! Geuka upande wa mashine!" Wote tukarusha upande wa barabara. Wote tukageuka upande wa mashine. Ilipendeza kama gwaride.

Mnaona kosa? Msiniambie mmeliona haraka hivyo. Mimi nilikaa nalo misimu miwili bila kuliona.

Nikiwa nimewaelekea, mkono wangu wa kulia ulikuwa upande wa barabara. Na wao, wakiwa wamenielekea, mkono wao uliokuwa upande wa barabara ulikuwa wa kushoto. Ngoma nzima niliyoitoa Didia, kila hatua, kila mzunguko, kila mrusho wa jembe, niliigeuza kama nguo iliyovaliwa ndani nje.

Walilalamika, nasema kweli. Kulikuwa na msichana mmoja, Limi, mjukuu wa Mzee Luhende, mwepesi wa mguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Aliniambia wiki ya kwanza:

"Mwalimu, mkono huu haujawahi kushika hata mwiko. Leo urushe jembe?"

"Ngoma ni kazi, Limi. Vumilia."

"Navumilia. Nakuuliza tu kama kule kwenu Didia watu wote walizaliwa hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi, na mikono ya ajabu."

Nikamwambia arudie mara kumi. Akarudia. Na wakaweza! Mtu akikazana, mkono wa kushoto hujifunza. Baada ya mwaka walikuwa wanarusha majembe kwa kushoto kama mimi ninavyokula kwa kulia. Mzee Luhende alikuwa anakuja kukaa kando ya uwanja, anasikiliza miguu na njuga, anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Pigo liko mahali pake," alikuwa anasema. Na pigo lilikuwa mahali pake kweli. Masikio hayajui mkono upi umeshika jembe.

Mtauliza: na wengine je? Wazee waliotoka Didia wakiwa watu wazima, hawakuona? Subirini.

Barua ya Mzee Maganga ilifika mwanzoni mwa mvua. Nilimsomea kaka yake. Alisalimia ukoo mzima kwa majina, akaeleza habari za ng'ombe, na mwisho aliandika: "Nakuja na watu wangu wanane kuwaona hao wajukuu. Tutalima nao siku moja ndipo nitakapojua. Nakuja na kamba."

"Kamba ya nini?" niliuliza.

"Ya kumfungia Mama Mkwe kwenye lori," alisema Mzee Luhende. Akaipapasa ngoma. "Mwalimu, ngoma hii ikiondoka, sisi hapa tutakuwa watu waliohama tu. Unanielewa? Watu walioacha kwao. Wako tayari?"

"Wako tayari, mzee."

Nilisema hivyo bila wasiwasi hata kidogo. Nikikumbuka uso wangu wa siku ile, natamani kuupiga kibao.

Walifika na lori la pamba. Mzee Maganga alishuka wa kwanza, mfupi, mpana, kofia ya majani kichwani na bunda la kamba ya katani begani. Hakuitua hata alipokuwa akisalimiana. Mke wa Mzee Luhende, Mama Kabula, alimpokea.

"Karibu, shemeji. Umekuja kututembelea au kuchota maji kisimani?"

"Nimekuja kuchukua kilicho changu, shemeji. Kama umepungua mapishi, nakuchukua na wewe."

"Kamba yenyewe fupi. Hainizunguki."

Watu wakacheka, chakula kikaliwa, lakini kamba ilikaa karibu na mguu wake muda wote.

Kesho yake asubuhi tukaenda kwenye shamba la Mama Kabula. Desturi ni kwamba mgeni wa bugobogobo hapewi mstari wake. Huchanganywa na wenyeji, mmoja wa Didia, mmoja wa hapa, mmoja wa Didia, mmoja wa hapa, bega kwa bega, maana kulima pamoja ndiko kusalimiana kwenyewe. Wakapangwa. Mzee Maganga akaingia mstarini yeye mwenyewe, Limi kushoto kwake. Mzee Luhende akakaa penye ngoma. Mimi nikasimama pembeni na daftari langu kwapani, nimetoa kifua mbele.

Mama Mkwe akanguruma. Majembe yakapanda.

Jembe la Mzee Maganga lilikwenda kushoto kujiandaa kwa mzunguko, kama lilivyokwenda maisha yake yote. La Limi likaja kulia, kama nilivyolifundisha misimu miwili. Yakakutana hewani, chuma kwa chuma, na mlio ule ukarudiwa mstari mzima, ka! ka! ka! kama wahunzi wamegombana. Mpini mmoja ukaibeba kofia ya Mzee Maganga ukaitupa kwenye matuta. Kijana mmoja wa Didia akakaa chini ameshika kidole. Hakuna aliyeumia zaidi ya hapo, namshukuru Mungu, kwa sababu majembe yalikuwa butu. Hilo walau nilikuwa nimelifundisha.

Ngoma ikanyamaza. Mzee Luhende akainua kichwa.

"Majembe yanagombana. Nani amegeuka?"

Mzee Maganga akaiokota kofia yake, akaikung'uta taratibu, akawatazama vijana wangu mmoja mmoja na mikono yao ya kushoto iliyotangulia mbele ya mpini.

"Wote," akasema. "Kaka, wamegeuka wote."

Kisha wote wakanigeukia mimi. Hata wale ambao hawakunijua walijua pa kutazama. Huenda ni lile daftari.

Nikaeleza. Barabara, mashine, uso kwa uso, kidato cha nne. Kila neno lilinitoka dogo kuliko lililotangulia. Nilipomaliza, Mzee Luhende aliuliza jambo moja tu:

"Nilikwambia uwape nini?"

"Mgongo, mzee."

"Na ukawapa nini?"

"Uso."

"Uso wenyewe huo," alisema Limi chinichini, lakini si chini ya kutosha.

Mzee Maganga hakucheka. Alikuwa amemgeukia Mama Kabula. "Shemeji, wewe ulicheza na mimi tangu hujaolewa. Misimu miwili unawaona watoto hawa kila Jumapili. Hukuona?"

Mama Kabula utani ulikuwa umemwishia.

"Niliona siku ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni mimi nimesahau." Alikuwa anatazama mikono yake. "Miaka kumi na miwili, shemeji. Nililala nikijiuliza, hivi kwetu tulirushia mkono gani? Nikajaribu na mwiko jikoni. Mkono ukasema kulia. Lakini huyu ametoka Didia juzi, ana daftari. Mimi nina nini? Nikasema basi, nimesahau kwetu. Nikaona aibu kuuliza."

Mzee mwingine mmoja akasema hata yeye. Na mwingine. Kumbe wote waliokumbuka waliona, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayepoteza. Vijana wangu, mkitaka kujua kosa langu kubwa lilikuwa lipi, si kugeuza mkono. Ni kuwafanya watu waliokumbuka wafikiri wamesahau, kwa sababu nilikuwa na daftari na sauti kubwa.

Mzee Maganga akaanza kuifungua kamba. Hakuwa na furaha usoni, naomba mjue. Lakini neno lake alikuwa amelisema mbele ya watu, na alikuwa amekuta "mambo yasiyoeleweka", kama alivyosema mwenyewe. Alipofika karibu na Mama Mkwe, Limi alimtangulia, akasimama kati yake na ngoma. Hakuigusa wala kuiegemea. Alisimama tu.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Nipishe."

"Nakupisha. Lakini umekuja kutuangalia tukicheza, na hujatuangalia. Ulisimama pembeni yangu. Mtu wa pembeni anaona nini zaidi ya sikio?"

"Nimeona jembe lako. Liliondoka na kofia yangu."

"Basi simama mbele yangu. Watu wako wapange mstari mmoja, sisi mmoja, tutazamane. Tucheze mara moja. Halafu utafunga."

Mzee Maganga alimtazama kaka yake, ambaye hakuweza kumtazama, lakini alikwisha kushika vijiti.

Wakapangana, tisa kwa kumi na sita, uso kwa uso, nafasi ya jembe moja katikati. Mama Mkwe akaanza taratibu.

Sijui niwaelezeje. Mmewahi kuinama juu ya bwawa lililotulia, mkainua mkono? Jembe la Didia lilipanda upande wa jua, na la Geita likapanda upande wa jua. La Didia likazunguka kwenda upande wa miti, na la Geita likalifuata huko huko, ncha kwa ncha, bila kugusana. Miguu ilikanyaga upande mmoja. Walirusha, yakaenda juu mistari miwili, yakang'aa pamoja, yakashuka pamoja. Yale niliyoyageuza, walipotazamana, yalikaa sawa. Mzee Maganga na Limi walikuwa macho kwa macho, na yule mzee akaanza kuongeza madoido ya hila, ya kumtega, na Limi hakukosa hata moja. Halafu nikamwona anafanya kitu ambacho sikuwa nimekiandika kwenye daftari. Alitabasamu.

Mama Kabula alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Sikuweza kujua analia au anacheka. Nadhani hata yeye alikuwa hajaamua.

Ngoma ilipokoma, Mzee Maganga alisimama akihema, kofia mkononi.

"Kaka," alisema, "hawachezi kama sisi."

"Hapana," alisema Mzee Luhende.

"Lakini wanacheza na sisi. Wamesimama ng'ambo, wanacheza na sisi."

"Nimesikia. Safari hii hakuna kilichogombana."

"Hawa wasirekebishwe. Wakirekebishwa, siku tukija tena tutasimama vipi?" Akaiweka kofia kichwani. "Mama Mkwe abaki."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilifika kwenye mashine ya kusaga, na mwenye mashine akaizima aje aone kuna nini. Lakini Mzee Maganga bado alikuwa amesimama na kamba.

"Sasa nimeibeba kamba hii kutoka Didia. Niirudishe mikono mitupu? Watanicheka."

Mzee Luhende akafikiri. Kisha akanyoosha kidole pale aliponisikia nikikohoa.

"Mfunge yule."

Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye matuta. Mimi nilidhani ni utani kama mwingine. Haukuwa utani. Keshokutwa yake sanduku langu la bati lilikuwa juu ya lori la pamba, limezungushiwa kamba ya katani mara tatu kwa fundo la mtu aliyezoea kufunga ng'ombe, na mimi juu yake. Limi alikuja kuaga. Aliniletea daftari langu nililolisahau shambani.

"Huko Didia," aliniambia, "ukifundishwa, angalia mgongo."

Nilikaa nyuma ya mgongo wa Mzee Maganga msimu mzima wa mvua. Naujua mgongo ule kuliko mkewe anavyoujua. Kila asubuhi aliniambia, "Uso wangu hauna kitu, tazama huku," na mimi natazama. Hapo ndipo nilipojifunza yale mnayoyaona kwangu leo, kama yapo. Hatua huanzia kiunoni, si mguuni. Bega humwambia mwenzako utakachofanya kabla hujakifanya. Mwalimu akikupa mgongo hajakudharau, amekuamini, maana hakuoni ukikosea. Na ukikutana na mtu mzima anayesita, muulize kwanza anakumbukaje, kabla hujafungua daftari. Hili la mwisho hakunifundisha Mzee Maganga. Nililipata kwa Mama Kabula.

Baada ya hapo miguu ikaanza tena kunitembeza. Nilifundisha Ushirombo kwa kina mama wa kanisani, waliokuwa na nguvu kuliko vijana wote niliowahi kuwaona. Nilifyeka nyasi kiwanja cha ndege cha Ibadakuli kwa muda, mpaka nilipoonekana nikirusha fyekeo hewani. Mahali fulani katikati ya hayo goti likasema basi.

Mwaka jana niliamua kwenda tena kule Geita. Wachimbaji wamekuwa wengi, mashimo yao, wanayoyaita maduara, yamefika karibu na shamba la Mama Kabula. Mzee Luhende hayupo tena, wala Mzee Maganga. Lakini kila baada ya mavuno watu wa Didia hupanda lori kwenda huko, au wa huko huja Didia, na hutazamana. Vijana wa Didia wananiambia kwamba bila wale wa ng'ambo ngoma huonekana nusu.

Nilifika jioni jua halijazama. Uwanja ni ule ule, barabara huku, mashine kule. Mama Mkwe alikuwa amepashwa vizuri, nilijua kwa sauti. Limi, ambaye sasa ni mama wa watoto watatu, alikuwa akifundisha, amewapa mgongo. Sikumkatiza. Nikaona jembe limeegemezwa ukutani, nikalichukua, nikaingia mstari wa nyuma taratibu, goti na mimi, nikingoja pigo. Lilipokuja nikarusha kama nilivyozaliwa nalo, mkono wa kulia, kidogo tu, lisiende mbali.

Binti mdogo aliyekuwa jirani yangu akaacha kucheza. Alinitazama kwa huruma kubwa, kama mnavyowatazama watu wa makamo wanaojaribu mambo.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Huo siyo mkono."

"Marahaba. Ni upi, mwanangu?"

"Huu." Akaninyanyulia ule wa kushoto. "Tangu zamani ni huu. Uliza hata Didia."

Nikatazama mbele, nikitafuta mtu wa kunitetea. Limi hakugeuka. Alikuwa amewapa mgongo wanafunzi wake, kama inavyotakiwa. Lakini mabega yake nilikuwa nimeshajifunza kuyasoma, na yalikuwa yanacheka.

Nikalihamisha jembe.